Malaria Tuliyoizoea Haipo Tena

 

Ukikaa Mazinde muda kidogo utaisikia kauli hii. Mtu ana homa, anatetemeka, viungo vinamuuma, na jirani anamwambia, "Hiyo malaria tu, sisi wa huku tumeizoea." Ameze vidonge, alale, kesho aamkie kazini. Kauli hiyo haikuzuka hewani. Kwa vizazi vingi ilikuwa na ukweli ndani yake, tena ukweli ambao wataalamu walisafiri kutoka mbali kuja kuuchunguza. Ninachotaka kusema leo ni kwamba ukweli huo umepitwa na wakati, na sisi bado tunautembelea.

Tuanze na mahali penyewe. Anayeijua barabara ya kutoka Segera kwenda Moshi anaijua Mazinde: umeshaipita Mombo, milima ya Usambara iko upande mmoja, bonde la Mkomazi upande wa pili, na mkonge umejipanga kati yake. Semboja, yule mtawala wa ukoo wa Kilindi wa karne ya 19, aliweka makao yake hapa chini, wala hakukosea, kwa sababu misafara ya biashara ilipita bondeni. Huko juu, kwenye baridi ya Lushoto, kuna Mazinde nyingine, Mazinde Juu, ambayo wengi wanaijua kwa sekondari yake ya wasichana. Chini uko pungufu ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, juu umezidi mita 1,000. Jina moja, mlima mmoja, ndugu wale wale wanaozikana na kuozana. Lakini kwa habari ya malaria hizi zilikuwa nchi mbili.

Wasambaa walilijua hilo kabla ya hospitali yoyote. Robert Koch, daktari Mjerumani aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, alifika Usambara mwishoni mwa miaka ya 1890. Watu wa mlimani walimweleza kwamba mtu akishuka nyikani anaumwa na mbu, kisha anarudi na homa. Kumbuka kwamba Ronald Ross ndiyo kwanza alikuwa ameviona vimelea ndani ya mbu, huko India, mwaka 1897. Wasambaa hawakuwa na darubini, walikuwa na macho na kumbukumbu za misiba. Mimi huwa nasema, pasipo kutania sana, kwamba walistahili sehemu yao ya zawadi ya Nobel.

Sababu ya tofauti hiyo ni joto. Kimelea cha malaria kikiingia tumboni mwa mbu kinahitaji siku kadhaa kukomaa kabla hakijaweza kumwambukiza mtu. Kwenye joto la bondeni siku hizo ni kama kumi na mbili hivi. Kwenye baridi ya mlimani zinarefuka mpaka mbu anakufa kabla kimelea hakijawa tayari, na baridi ikizidi hakikomai kabisa. Watafiti waliopima vijiji vya Usambara kuanzia mita 300 hadi mita 1,700 walikuta maambukizi yanapungua zaidi ya mara elfu moja kutoka chini hadi juu. Mara elfu moja, msikilizaji, kwa safari ambayo kijana mwenye miguu mizuri anaishuka kwa siku moja.

Sasa tuingie mwilini. Mbu jike anapouma anaacha vimelea vichache sana kwenye ngozi. Ndani ya nusu saa hivi, baadhi vimeshafika kwenye ini. Huko vinakaa karibu wiki moja, vinajizalisha kimyakimya, na mtu hasikii kitu. Kisha vinatoka kwa maelfu na kuingia kwenye chembe nyekundu za damu. Kila baada ya saa 48 chembe hizo zinapasuka, vimelea vinamwagika, vinaingia kwenye chembe nyingine. Homa unayoisikia ni mwili wenyewe ukijibu mpasuko huo. Bandama inachuja damu na kuzitoa chembe zilizoharibika, nayo kwa kazi hiyo inavimba. Ndiyo maana madaktari wa zamani walikuwa wakienda shuleni, wanawapanga watoto mstari, wanabonyeza tumbo upande wa kushoto. Penye watoto wengi wenye bandama kubwa, walijua pana malaria nyingi. Hawakuhitaji hata tone la damu.

Lakini kuchuja pekee hakutoshi. Mwili unatengeneza kingamwili, yaani protini zinazomtambua adui na kumshika. Hapa ndipo malaria ilipo na ujanja wake. Kimelea kinapokuwa ndani ya chembe ya damu kinatoa protini nje ya chembe hiyo ili ing'ang'anie kwenye kuta za mishipa isipelekwe kwenye bandama. Mwili ukishaitambua protini hiyo, kimelea kinaileta nyingine. Kina takriban aina 60 kwenye hazina yake, na vimelea vya kijiji jirani vina 60 zao. Ni mwizi anayebadilisha shati kila mtaa. Kwa hiyo mtoto wa bondeni alihitaji kuugua, na kuugua tena, na kuugua tena, mpaka mwili wake uwe umeyaona mashati mengi ya kutosha.

Na kinga hiyo ilikuja kwa hatua. Kwanza mwili ulijifunza kutokufa. Baadaye ulijifunza kutokuugua sana. Kujifunza kutoambukizwa kabisa, huko haukufika. Ndiyo maana ungeweza kumpima kijana mzima wa bondeni, anacheza mpira, anakula ugali wake, ukakuta vimelea kwenye damu. Hapa kwetu, kwa wingi wa vimelea kwenye kipimo, tunasema mtu ana "malaria tatu" au "malaria kumi". Mtu wa bondeni wa wakati ule alitembea na malaria zake kumi bila kujua. Mgeni kutoka Lushoto au Njombe, mbili tu zingemlaza.

Kwamba kinga hii imo ndani ya damu si hadithi. Mwaka 1961 watafiti nchini Gambia walichukua kingamwili kutoka damu ya watu wazima waliokulia kwenye malaria, wakawapa watoto wagonjwa. Vimelea vya watoto wale vilishuka, na homa ikatulia. Na hapa mkoani Tanga, watafiti waliowafuatilia watoto wa Muheza tangu kuzaliwa walilinganisha damu ya watoto waliostahimili malaria na ya wale walioshindwa. Humo walipata protini za kimelea ambazo kingamwili za watoto wenye nguvu huzishambulia, na leo protini hizo zinachunguzwa kwa ajili ya chanjo za kesho. Damu ya mtoto wa Muheza imekuwa kitabu cha kiada cha dunia.

Iko pia kinga ya kuzaliwa nayo. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba mtu aliyerithi selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu anakingwa kwa kiasi kikubwa na malaria kali. Anayerithi kutoka kwa wazazi wote wawili anapata ugonjwa wenyewe wa selimundu. Hiyo ndiyo mizani ya maumbile katika maeneo yetu, na haina huruma.

Sasa swali ambalo waliosema "tumeizoea" hawakupenda kuulizwa: nani aliyelipa? Walilipa watoto. Mtoto alizaliwa na kingamwili za mama yake, zikamlinda miezi ya mwanzo. Zilipokwisha, alibaki peke yake mpaka ajifunze. Watafiti waliopita kwenye hospitali kumi za Kilimanjaro na Tanga mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliona sura mbili za malaria kali. Bondeni, penye mbu wengi, waliolazwa walikuwa hasa watoto wadogo sana, weupe viganjani kwa kupungukiwa damu. Kadiri walivyopanda mlima, wagonjwa walikuwa wakubwa zaidi, na ugonjwa ulishika ubongo, kile tunachokiita malaria imepanda kichwani. Nani alikuwa katika hatari zaidi akishalazwa? Yule wa penye malaria chache, kwa sababu mwili wake haukuwa umejifunza chochote.

Mama mjamzito naye alikuwa na shida yake. Mwanamke aliyekulia bondeni na kinga yake kamili, akipata mimba ya kwanza, vimelea vinapata mahali papya pa kung'ang'ania, kondo la nyuma, kwa protini ambayo mwili wake haujawahi kuiona. Anaanza upya. Mtoto anazaliwa na uzito pungufu. Ndiyo sababu kliniki ya wajawazito inakupa vidonge vya SP vya kuzuia malaria hata kama husikii homa, na wewe dada usivifiche kwenye mkoba.

Nirudi nyuma kidogo, kwa sababu kuna mjadala ambao ungefaa kufundishwa shuleni na haufundishwi. Mwaka 1950 Shirika la Afya Duniani liliitisha mkutano wa malaria Kampala. Swali kubwa lilikuwa hili: Waafrika wa maeneo ya malaria nyingi wana kinga, je, tukipulizia dawa nyumba zao na kuwaua mbu, hatutawanyang'anya kinga hiyo, kisha siku dawa zikikoma wafe kwa wingi? Waliotaka tahadhari walikuwamo wataalamu wakubwa, mmoja wao Bagster Wilson, aliyeongoza utafiti wa malaria Afrika Mashariki kutoka hapa hapa Tanga. Wengine walisema hapana, mtoto anayekufa leo hawezi kungoja nadharia.

Jibu lilitafutwa karibu na Mazinde. Kuanzia mwaka 1955 hadi 1959 nyumba za Upare Kusini na Taveta zilipuliziwa dieldrini, katika mradi ulioitwa Pare-Taveta. Kijiji cha Kihurio kilikuwamo, ambacho kutoka Mazinde ni jirani wa bondeni. Mbu walipungua sana, vifo vya watoto vikashuka. Upuliziaji ukakoma. Malaria ilirudi polepole kwa miaka iliyofuata, lakini maafa yaliyohofiwa hayakutokea. Moja ya sababu zinazotajwa ni kwamba dawa za kutibu zilikuwa zimeshaanza kufika madukani na zahanati.

Kwa maoni yangu, Wilson alikuwa sahihi nusu. Kinga ya malaria kweli inasahaulika. Asipoumwa na mbu kwa miaka, hata mtu mzima anaipoteza sehemu kubwa, na mtoto asiyeumwa hajifunzi. Nusu aliyokosea ni kuihesabu kinga ile kama mali ya kulindwa. Mali gani hiyo inayonunuliwa kwa makaburi ya watoto? Kama mlango wa kuiacha upo, uachwe. Ila ukishaiacha, usijidanganye kuwa bado unayo.

Na ndiyo, tumeiacha. Watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kituo cha Korogwe, walifuatilia kijiji kimoja cha bondeni na kimoja cha mlimani. Katika kile cha bondeni, mwaka 2003, karibu watu wanane kwa kila kumi walikuwa na vimelea. Mwaka 2008 ilikuwa chini ya asilimia 15. Kile cha mlimani kilishuka kutoka robo hivi ya watu hadi asilimia 3. Vyandarua vyenye dawa vilifanya kazi yake, na mkoa wa Tanga unavijua tangu majaribio ya Muheza ya miaka ya 1980. Dawa ya mseto, nitakayoieleza mbele kidogo, ilifanya kazi yake pia. Linganisha tarakimu hizo uone: bondeni ya 2008 ilikuwa na vimelea vichache kuliko mlimani ya 2003. Mtoto wa Mazinde chini sasa anakua na mwili wa mtoto wa Mazinde Juu. Ni habari njema kuliko zote nilizonazo leo. Lakini mtoto yule akipata homa, babu yake anamtibu kwa kumbukumbu za mwili mwingine, mwili wa babu, uliokomazwa na mbu wa enzi za manamba wa mkonge.

Tuje kwenye dawa, maana mwili usiojua unategemea dawa, na dawa nazo zina tabia. Katikati ya miaka ya 1950, huko Mkuzi karibu na Muheza, watu walipewa pirimethamini ya kuzuia malaria. Haikuchukua miezi mingi vimelea vikaizoea. Somo lilikuwa mezani mapema hivyo, na bado tulilirudia. Klorokwini ilitutumikia miaka mingi, na kuwasha kwake watu wazima wanakukumbuka mpaka leo. Vimelea vikaizoea, mwaka 2001 ikaondolewa. Ikaja SP. Kufikia miaka michache baadaye, majaribio ya kuwakinga watoto wachanga Korogwe na Same yalionyesha kwamba hapa kwetu SP haikuwa na faida tena kwa watoto hao. Mwishoni mwa mwaka 2006 ukaja mseto, dawa mbili ndani ya kidonge kimoja, ili kimelea kikiikwepa moja kikutane na nyingine.

Kwa malaria kali Korogwe ina mchango wake kwa dunia nzima. Hospitali ya Korogwe na ile ya Teule, Muheza, zilikuwa miongoni mwa vituo vya jaribio lililowahusu watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, kulinganisha kwinini na sindano ya artesuneti. Kwa kwinini walifariki asilimia 10.9. Kwa artesuneti, asilimia 8.5. Matokeo yalitoka mwaka 2010, na tangu hapo kwinini ya dripu imepoteza kiti chake. Sasa hebu nisikilize hapa: huko Kagera, wilaya ya Karagwe, watafiti wamekwisha kukuta vimelea vyenye dalili za kuanza kuizoea familia ya artesuneti, ambayo imo pia ndani ya mseto. Anayemeza mseto siku moja, akapata nafuu, akaweka vingine kabatini kwa ajili ya mtoto wa shangazi, anavifundisha vimelea. Dozi ni mara sita kwa siku tatu. Imalize, tena baada ya chakula chenye mafuta kidogo.

Na chanjo? Ile ya kwanza kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani, Oktoba 2021, ilijaribiwa pia Korogwe na Bagamoyo, kati ya vituo 11 vya nchi saba, watoto zaidi ya 15,000. Upande wa Korogwe kazi iliongozwa na Daktari John Lusingu. Chanjo hiyo inauonyesha mwili protini ya kimelea kabla hakijafika kwenye ini, ile nusu saa niliyoitaja. Kwa watoto wa miezi 5 hadi 17 waliopata dozi nne, malaria ilipungua kwa kama asilimia 36 katika miaka minne hivi. Si ukuta kamili, na nguvu yake hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Lakini mtoto anajifunza somo la kwanza bila kulipa kwa uhai wake. Wazazi wa Korogwe waliowatoa watoto wao kwenye jaribio lile hatujawashukuru vya kutosha.

Jambo la mwisho ndilo lililonileta hewani. Utafiti mwingine wa hospitali za Kilimanjaro na Tanga, uliochapishwa mwaka 2004, ulichunguza wagonjwa zaidi ya 4,000 waliolazwa wakitibiwa malaria kali. Damu yao ilipokaguliwa upya kwa makini, waliokuwa na vimelea hawakufika nusu, asilimia 46 tu. Wale wasio na vimelea walifariki zaidi: asilimia 12 dhidi ya 7. Huenda walikuwa na nimonia, au vijidudu vya bakteria kwenye damu, au magonjwa mengine yanayotaka antibayotiki, na wengi wao hawakuzipata kwa sababu kila mtu chumbani alikuwa ameshakubaliana kwamba ni malaria. Hiyo ilikuwa wakati malaria bado nyingi. Sasa imepungua, kwa hiyo sehemu ya homa zisizo malaria ni kubwa zaidi kuliko wakati ule.

Kwa hiyo, msikilizaji wa Mazinde, wa Mombo, wa Handeni, na wewe uliyeishi Dar es Salaam miaka kumi unarudi kusalimia wazazi ukidhani damu yako bado ni ya bondeni: ukipata homa, siku hiyo hiyo nenda zahanati ukatolewe tone la damu kidoleni. Kipimo cha haraka kinajibu kwa dakika zisizofika ishirini. Kikisema ni malaria, maliza dozi. Kikisema si malaria, usinyanyuke kwenye kiti kwenda kununua mseto dukani, muulize mganga, "Basi ni nini?" na ungoje akupime. Mtoto akipata degedege, akilegea, akishindwa kunyonya au akihema kwa shida, usingoje asubuhi, usipitie kwa mtu yeyote njiani. Mpeleke usiku huo huo.